Babu Havuki Kizingiti

Jumatatu, 10 Januari

Leo shambar. Kila Jumatatu ni shambar, supu ya ngano na maharage na dengu na ngozi ya nguruwe, na kila Jumatatu Mama Casilda huionja kwanza na kusema chumvi haijatosha, hata nikitia konzi nzima. Nimemzoea. Ukikaa kwa mama mkwe mmoja miaka kumi na mmoja ya ndoa na minne ya ujane, unazoea hata jiwe kwenye kiatu.

Ninaandika kwa sababu Mama hajui kusoma, na nyumba hii haina mlango wa ndani hata mmoja. Mlango wa chumba cha nyuma, wanasema, ulichukuliwa na maji ya mwaka wa ishirini na tano, na hakuna aliyewahi kuweka mwingine. Ni pazia tu. Ukikohoa, anauliza umekula nini.

Basi niandike hapa nisilomwambia: naondoka. Binamu yangu Zarela ameniombea nafasi kwenye karakana ya ufinyanzi kule mjini Trujillo, na kitanda kwake. Lori hupita hapa Santa Rufina kila Jumapili. Jumapili ya kwanza ya Februari nitakuwa juu yake, Mungu akipenda na Mama asipopenda.

Jumanne, 11 Januari

Nimevunja mtungi wa Mama. Nilikuwa naupangusa, ukaniponyoka. Vigae vilipogeuka nikaona ndani alama za gumba lake, fupi, duara. Gumba lake la kulia liliishia kwenye kinu cha miwa kabla hajaolewa, naye hubana udongo kwenye kalibu kwa kile kikonyo kilichobaki. Kwa nje vyombo vya nyumba hii vinafanana vyote kwa sababu vinatoka kwenye kalibu zilezile. Ni ndani ndiko kila mfinyanzi anaacha mkono wake, na hakuna anayeuona mpaka chombo kivunjike.

“Umevunja nini?” akauliza kutoka jikoni.

“Umevunjika wenyewe, Mama.”

“Vyombo vya nyumba hii vimeota miguu siku hizi.”

Ijumaa, 14 Januari

Siku ya Babu. Jumanne na Ijumaa Mama humtoa kwenye shubaka la ukutani, humpakata, humtilia chicha mdomoni, humpulizia moshi wa tumbaku, kisha humrudisha. Mimi nasimama na bakuli la ile pombe. Kumgusa, hapana.

Babu ni chombo cha watu wa kale, wale waliojenga Kilima cha udongo nyuma ya mashamba. Ana uso wa mtu na meno ya chui. Kiunoni amejifunga nyoka mwenye kichwa kila upande, mkono mmoja ana kisu, na wa pili ana kichwa cha mtu alichokishika kwa nywele. Mgongoni ana kishikio kilichopinda kama upinde, na juu ya kishikio mdomo mwembamba wa kumiminia. Watalii hununua nakala zake tunazofinyanga, wakacheka. Hapa kwetu hacheki mtu. Babu ndiye anayeushika mto. Babu havuki kizingiti. Siku atakayovuka, mto nao utavuka kingo zake. Mlinzi wake huwa ni mke aliyeolewa katika nyumba hii ya ukoo wa Huamanchumo, na tangu siku anayopakatishwa Babu mbele ya shahidi, halali tena nje ya nyumba mpaka afe au ampakatishe mwingine.

Mama alipakatishwa akiwa na miaka kumi na sita. Mwaka huohuo wa ishirini na tano maji yakaja. Watu wote wakakimbilia Kilimani, yeye akabaki peke yake na Babu. Waliporudi baada ya Pasaka walimkuta ameketi kitini, Babu mapajani, nyumba imesimama. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko Baba Yetu Uliye Mbinguni.

Leo alipomrudisha shubakani akasema bila kunitazama, “Siku ya Mishumaa utampakata wewe. Magoti yangu yamechoka.”

“Mama, bado una nguvu.”

“Sikukuomba maoni.”

Siku ya Mishumaa ni tarehe mbili Februari. Lori langu ni tarehe sita. Kama ni mtego, umetegwa na mtu anayejua kuhesabu.

Alhamisi, 20 Januari

Joto. Nzi. Wavuvi wanasema bahari imepata moto na samaki wamehama.

Jumanne, 25 Januari

Mvua! Mtu mzima mimi, na mvua ya kweli nimeiona mara mbili tu maishani. Tulitoka nje tukiwa tumeinua nyuso, wazee kwa watoto, tukicheka kama walevi. Kisha tukakumbuka paa. Paa zetu ni matete yaliyokandikwa udongo, kuta ni matofali ya udongo yasiyochomwa, kwa sababu hapa mvua si mgeni anayetarajiwa. Kufikia jioni tulikuwa tumetega sufuria zote chini ya matone.

Mama hakutoka kucheka. Alikaa chini ya shubaka, anatazama dari.

Jumatatu, 31 Januari

Shambar bila ngozi ya nguruwe. Mchinjaji hakuja, barabara ni tope. Mvua tangu Ijumaa. Mama ameionja. Chumvi haikutosha.

Jumatano, 2 Februari

Mjomba Eleuterio alikuja kuwa shahidi, ameloa mpaka kwenye soksi. Ni mdogo wake Mama, mganga wa hapa kijijini, na wagonjwa wake huwaketisha mbele ya Babu wetu. Mama alikuwa amevaa shali nyeusi. Kiti kilikuwa katikati ya chumba. Nikasema neno la kwanza lililonijia.

“Mama, siwezi leo. Niko mwezini.”

Mwanamke aliye mwezini hamgusi Babu. Hilo hata Mama hawezi kulipinga.

“Tena?” akasema. “Wiki iliyopita ulikuwa na nini?”

“Ni hali ya hewa, Dada,” Mjomba akasema. “Kila kitu kinavuja mwaka huu.”

Mama akamtazama kwa jicho ambalo lingekausha mto. Kiti kikarudishwa jikoni. Nimepona, lakini aibu ya kumdanganya mwanamke mzee mbele ya mungu wake haikunitoka siku nzima.

Jumamosi, 5 Februari

Mto umebomoa barabara. Nilikwenda mwenyewe kuona. Palipokuwa na daraja pana maji ya rangi ya chai yenye miti ndani yake, mizizi juu. Hakuna lori kesho. Hakuna lori Jumapili ijayo. Nilisimama pale nimeshika mfuko wangu wa nguo. Sijui kwa nini niliubeba.

Niliporudi Mama akautazama ule mfuko, akarudi jikoni. Ningependa angepiga kelele.

Jumatatu, 7 Februari

Shambar bila dengu. Mvua.

Ijumaa, 11 Februari

Watu wanahamia Kilimani, kama wazazi wao mwaka ule. Kutoka uani nawaona wakipanda na magodoro vichwani. Nyumba ya Filomena wa jirani ilianguka asubuhi. Ukuta ulilala taratibu, kama ng'ombe aliyechoka. Mjomba Eleuterio akaja na punda.

“Dada, panda huyu mnyama. Nimekutengenezea kibanda juu, kina upepo wa bahari, utajiona tajiri.”

“Nani atalala na Babu?”

“Mchukue Babu.”

“Havuki kizingiti.”

“Basi mwache, ana kisu, atajilinda.”

“Na mlinzi halali nje. Unajua vizuri, Eleuterio, usijifanye umezaliwa jana.”

Mjomba akanigeukia. “Na wewe, mwanangu?”

Nilitaka kusema napanda sasa hivi. Nikamtazama Mama, miaka sabini na minne, mguu mmoja mzito, ukuta wa nyuma una ufa unaoweza kuingiza kiganja. Nani angemwinua ukuta ukilala? “Nitabaki naye,” nikasema, na maneno hayo yaliponitoka nilihisi mtu amefunga mlango, ndani ya nyumba isiyo na milango.

Jumanne, 15 Februari

Kanivali. Mwaka jana tulimwagiana maji barabarani. Mwaka huu maji yamejimwaga yenyewe.

Jumamosi, 19 Februari

Kazi yote ya Januari imekufa. Hatukuweza kuchoma, kuni zimeloa na tanuri ni dimbwi. Vyombo vibichi vilikuwa vimepangwa kwenye rafu vikisubiri, nakala za Babu safu nzima. Unyevu umeviingia. Asubuhi nilikuta nyuso zimeporomoka, meno yameshuka mpaka kifuani, visu vimedondoka chini. Niliviponda vyote nikavirudisha kwenye pipa la udongo.

Nikasema, “Mama, kalibu zimejaa ukungu. Nitumie ile iliyofungwa gunia kule darini?”

“Hiyo usiiguse.”

“Ni ya nini, basi?”

“Ni ya zamani. Imechoka. Kama mimi.”

Jumatatu, 21 Februari

Shambar ni ngano na maji. Chumvi imekwisha kabisa. Mama ameionja, akafikiri, akasema, “Leo angalau una sababu.”

Nilicheka. Yeye pia alicheka. Kisha tukakumbuka tulipo.

Jumatano, 23 Februari

Tumegombana. Niliteleza uani na ndoo, nikaanguka kifudifudi kwenye tope, na nilipoinuka hasira za miaka minne zikainuka nami. Niliingia ndani hivyohivyo nimepakaa tope.

“Nilikuwa naondoka! Unajua? Tarehe sita nilikuwa naondoka!”

“Najua.”

“Umejuaje?”

“Nguo zako zilikuwa kwenye mfuko tangu Krismasi. Ulikuwa unavaa gauni lilelile. Unadhani kutojua kusoma ni upofu?” Akavuta shali. “Unataka kwenda, nenda. Nani amekufunga kamba?”

“Wewe! Nikienda utakufa hapa.”

“Nikifa, nitafia kwangu.”

“Kwa ajili ya chungu!”

Nilisema hivyo. Chungu. Mbele ya Babu, shubakani, na meno yake yote. Nilingoja Mama anilaani. Akasema tu, polepole, “Nenda kaoge, mwanangu. Utashikwa na kifua.”

Namchukia. Leo mchana, nikiwa kisimani, niliwaza: ukuta ungeanguka sasa, niko huku, yangekwisha yote. Wazo hilo lilinitisha hata nikakimbia kurudi. Alikuwa amekaa anakatakata kitunguu cha mwisho.

Jumanne, 1 Machi

Chicha imekwisha. Mama amempa Babu maji ya mvua, akamwomba radhi.

Jumatatu, 7 Machi

Hakuna shambar.

Jumatano, 9 Machi

Naandika nikiwa Kilimani, chini ya turubai. Jana ndiyo siku, na niliandike lote kabla halijabadilika kichwani mwangu.

Jana mchana Mjomba Eleuterio alifika kwetu na punda, maji yakimfika kiunoni. Akasema mto umekata njia mpya na unakuja upande wetu, na kwamba hatarudi tena kutuita, hana nguvu hizo. Mama akatikisa kichwa. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kudondosha vipande, pu, pu, ndani ya maji.

Hapo nikapata akili ambayo ningepaswa kuipata mapema. Nikasema, “Mama, nipakatishe Babu. Sasa hivi. Shahidi yupo.”

Uso wake uling'aa, na ung'avu ule uliniuma, maana nilikuwa namwibia. Nilikuwa nimepanga hivi: mimi nikiwa mlinzi, yeye hafungwi tena, anaweza kulala popote. Na mlinzi ndiye mwenye neno juu ya Babu. Nitambeba nitoke naye, na kama kuna laana iniangukie mimi.

Tulifanya haraka. Niliketi kitini, miguu ndani ya maji. Mama alimtoa shubakani, akaniwekea mapajani, akabana mikono yangu juu yake kwa mikono yake, kikonyo cha gumba kikiwa juu ya gumba langu. Mjomba alipuliza tumbaku iliyoloa, akakohoa, akasema amekwisha shuhudia, akatoka kwenda kumshika punda aliyekuwa anataka kukimbia.

Nikainuka na Babu kifuani.

“Sasa mimi ndiye mlinzi. Twende, Mama.”

“Wapi?”

“Nje. Sisi sote watatu.”

Nilielekea mlangoni. Nilidhani angepiga kelele juu ya mto, juu ya kingo, juu ya mababu. Alichopiga kelele ni hiki: “Elmira! Angalia jiwe! Jiwe hilo linateleza!”

Akanikamata shali kwa nyuma, sijui kunizuia au kunishikilia. Mguu wangu ulikuwa juu ya jiwe la kizingiti. Niliteleza. Babu akaniponyoka, akapiga ukingo wa jiwe, akafunguka.

Hakutoa sauti kubwa. Uso ulibaki mzima, unatazama juu, na mgongo ukagawanyika vipande kama ganda la boga. Nikaona ndani. Nilipiga magoti nikaokota kigae kimoja, nikakigeuza kwenye mwanga, nikaokota kingine. Fupi, duara. Fupi, duara. Alama zilijaa kutoka chini mpaka shingoni.

Watu wa kale walikuwa na magumba mazima, nadhani.

Mama aliketi kwenye jiwe la kizingiti, maji yakipita katikati ya miguu yake. Hakuwa akilia.

“Ni hapahapa,” akasema. “Jiwe hilihili. Nilikuwa nakimbia, Elmira. Wanasema nilibaki. Sikubaki. Nilisubiri wote wapande Kilimani ili nikimbilie kwa mama yangu, nisirudi tena hapa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, sikumpenda mume, sikuwapenda watu hawa. Nikamchukua Babu asizame, maana nilimwonea huruma. Nikateleza.”

“Kwa nini hukuendelea kwenda?”

“Na vigae? Ningefika kwa mama yangu niseme nini? Nilidhani nimeua kijiji.” Alishika kigae nilichokishika. “Maji yalishuka mapema. Nikachukua kalibu ya mkwe wangu, ile iliyo darini, iliyotolewa kwenye mwili wake Babu mwenyewe. Nikabana. Kuni zote zilikuwa zimeloa, nikavunja mlango wa chumba cha nyuma, nikamchoma kwa huo. Akatoka mdogo kidogo, udongo ukikauka na kuchomwa hunywea, wewe unajua. Niliogopa mtu atamshika aone. Ndiyo maana nikasema hamgusi mtu ila mimi. Ndiyo maana sikulala nje.”

“Miaka yote hiyo.”

“Ningelala wapi? Mtu angemnyanyua.”

Nilikuwa nimemchukia mwanamke huyu kwa kunifungia ndani, na kumbe alikuwa amefungwa kabla yangu, kwenye jiwe lilelile. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Paa likaamua kwa niaba yetu, boriti ikalia juu, udongo ukatumwagikia. Nikakusanya vigae ndani ya shali yake, nikakiweka kile kifurushi mikononi mwake, nikamwinua pale kizingitini kwa kumshika makwapa, na tukatoka. Mjomba alipokiona kifurushi akajipiga ishara ya msalaba.

“Babu amevuka!”

“Amevuka,” Mama akasema.

Mjomba akatazama maji yaliyojaa mashamba yote hadi upeo. “Basi haidhuru. Mto ulimtangulia.”

Nyuma yetu nusu ya nyumba ilikaa chini.

Jumamosi, 12 Machi

Watu wamempokea Babu kwa machozi. Wameleta chicha waliyoificha kwa ajili ya mazishi. Mama anaketi na kifurushi mapajani, shali imefungwa mafundo matatu, na wanaomba wamwone.

“Ameloa,” Mama anasema. “Amechoka. Mwacheni.”

Mjomba akauliza mbele ya wote, “Mlinzi ni nani sasa? Niliona kwa macho yangu akipakatishwa Elmira.”

Nilifungua kinywa. Mama akanitangulia. “Nimemrudisha kwangu. Huyu mtoto ana mikono inayoteleza.”

Wote wakacheka. Mimi nilitazama chini.

Ijumaa, 18 Machi

Kila Mama anapojisogeza, vigae vinagongana. Kila vinapogongana, nakohoa. Kijiji kizima sasa kinaamini nina kifua kikuu. Filomena ananiletea majani ya kuchemsha, machungu kama nyongo, na lazima ninywe. Leo Mjomba alinipapasa mwili mzima kwa simbilisi hai, kama anavyofanya kutafuta ugonjwa, akampasua, akamchungulia.

“Mapafu mazima,” akasema, akinitazama. “Kikohozi chako kinakaa nje ya mwili, mwanangu.”

Simbilisi tulimla.

Nilidhani tukitoka kwenye nyumba ile nitakuwa huru. Sasa tuko juu ya Kilima, mbingu yote wazi, na siwezi kusogea hatua mbili kutoka kwake. Hivi ndivyo alivyoishi. Mimi nimeweza siku chache na tayari nataka kupiga yowe.

Ijumaa, 1 Aprili

Ijumaa Kuu. Helikopta ilidondosha magunia ya mchele. Gunia moja lilipasua turubai la Filomena. Mama amelala ameketi.

Jumatano, 13 Aprili

Tumeshuka. Nusu ya mbele ya nyumba ipo, na shubaka, na dari yake, na gunia darini. Hadithi imeshaanza tayari: nyumba ya Babu imesimama tena. Nimemsikia Filomena akimsimulia mjukuu wake, na ndani ya hadithi mimi pia nimo, ninambeba Mama mgongoni.

Jumatano, 20 Aprili

Jua. Mama alisema, “Nishushie ile kalibu.”

Nilijua ya nini. Nilimshushia, nikafungua gunia. Nzito, nene, nusu mbili, nyeusi kwa umri. Nilipitisha kidole kwenye mashimo ya meno. Hapa ndipo aliposhikwa Babu wa kweli, mara moja, kabla hajavunjika.

Nilikanda udongo. Nikaukata, nikaanza kuulaza kwenye nusu ya kwanza, na Mama akanipiga kofi mkononi.

“Ondoka hapo. Ukimbana wewe atakuwa wako, na ukiwa naye hutoki. Nani alikuambia nataka ubaki?”

“Mama, kikonyo chako kinauma.”

“Kinauma tangu kabla hujazaliwa.”

Akabana. Nilikaa pembeni nikimtazama, gumba lile fupi likishuka na kupanda. Ilimchukua asubuhi nzima. Nimekaa na mwanamke huyu miaka kumi na mitano na sikuwahi kumtazama akifanya kazi bila kungoja anikosoe.

“Watu wakimnyanyua?” nikauliza.

“Hawatamnyanyua. Nitakuwepo.” Akapulizia udongo. “Mimi sina tena pa kukimbilia, mama yangu amekufa. Zarela wako yu hai. Barabara inatengenezwa.”

Aliinuka kwenda kutafuta maji ya kuunganishia. Nusu mbili zilikuwa wazi juu ya meza. Sikufikiri. Nilisogea nikabana gumba langu moja tu, zima, chini kabisa, karibu na lake.

Aliporudi alitazama ndani, akatazama mkono wangu wenye udongo.

“Umefanya nini?”

“Akivunjika, wajue tulikuwa wawili.”

Nilidhani atalifuta. Akachovya maji, akapaka kingo, akazifunika nusu zile moja juu ya nyingine.

“Asivunjike,” akasema.

Alhamisi, 28 Aprili

Amechomwa kwa boriti za paa. Amewiva vizuri. Yule aliyevunjika tumemzika, vigae vyote, chini ya jiwe la kizingiti, tukalirudisha mahali pake nikalikwaruza kwa patasi lisiteleze.

Jumapili, 1 Mei

Lori lilipiga honi saa ya misa. Mama hakutoka, alikuwa kitini, chini ya shubaka, Babu mapajani, Mjomba Eleuterio anampulizia tumbaku kavu. Mjomba alimtazama Babu kwa muda, akanitazama mimi, akasema, “Umepona kikohozi.”

“Nimepona, Mjomba.”

“Hewa ya Trujillo itakufaa.”

Niliinama nimbusu Mama. Alikuwa na harufu ya moshi na udongo. “Nenda,” akasema, “dereva hana subira. Na usinililie hapa, utamlowesha.”

Nilivuka kizingiti nikiangalia mguu.

Jumatatu, 2 Mei

Kwa Zarela. Kuna mlango chumbani, na ufunguo wake. Nimeufunga, nimeufungua, nimeufunga.

Nilimpikia shambar ya kumshukuru, ngano, maharage, dengu, ngozi ya nguruwe, kila kitu. Akasema hajala nyingine tamu hivyo. Nikaionja mwenyewe, nimesimama na kijiko, nikisubiri.

Chumvi haikutosha.